Besi haipumui, roboti hatamki: kutafuta kosa kwenye saidicheni na vokoda

Dogo mmoja alishuka kutoka Newala na flashi mfukoni, akaja moja kwa moja hadi Chikongola, hapa Mtwara, kwenye chumba ninachofanyia kazi. "Shikamoo kaka. Besi imegoma." Siku tatu alikuwa akiihangaikia besi hiyo: kabadilisha kinanda, kaishusha, kaipandisha, kaimwagia kila dawa aliyoisikia kwa wenzake. Nilipofungua kazi yake nikakuta besi haina neno. Kiki, ile ngoma nzito ya biti, aliyoitegemea kuisukuma besi ilikuwa na mkia, yaani mlio unaobaki baada ya pigo, wa karibu sekunde nzima, na wimbo wenyewe ni singeli. Tukaukata mkia wa kiki, besi ikaanza kupumua palepale.

Kosa la namna hiyo nimelikuta mara nyingi, kwenye kazi zangu na za wengine, ndiyo maana naandika. Saidicheni na vokoda ni vitu viwili tofauti, lakini vimesimama juu ya wazo moja: sauti moja inaamrisha, nyingine inatii. Kwenye saidicheni kiki inaamrisha na besi inainama. Kwenye vokoda mdomo wa mwimbaji unaamrisha na kinanda kinatamka. Ugonjwa tunausikia kwenye ile inayotii, kwa sababu ndiyo inayofika sikioni. Chanzo mara nyingi kimejificha kwenye ile inayoamrisha. Kwa hiyo kabla hujagusa chochote, zima inayotii, isikilize inayoamrisha peke yake, halafu ndiyo uanze kutafuta.

Tuelewane kwenye maneno machache. Kompresa ni chombo kinachoikandamiza sauti. Kizingiti ni kiwango ambacho sauti ikikivuka, kompresa inaamka. Uwiano ni ukali wake ikishaamka. Ataki ni muda inaotumia kushika, rilizi ni muda inaotumia kuachia. Kwenye vokoda, modyuleta ni sauti inayonena, nami nitaiita mnenaji. Keria ni sauti inayobebeshwa maneno, nitaiita mbebaji. Mifano mingi nitaitoa FL Studio kwa sababu ndiyo ninayoikuta kwa vijana wengi wanaoniletea kazi, ila sababu za matatizo ni zilezile programu yoyote utakayotumia.

Besi haisogei hata chembe

Usiamini sikio hapa, angalia sindano. Kompresa nyingi zina mita inayoonyesha zimepunguza desibeli ngapi. Kama kiki inapiga na mita imelala, basi amri haifiki, au inafika ikiwa dhaifu.

Kutofika ndiko kunakotokea zaidi. Kwenye FL Studio kuna hatua mbili, na wengi wanaishia ya kwanza. Ya kwanza ni kuiunganisha chaneli ya kiki na chaneli ya besi kwenye miksa kwa njia ya saidicheni. Ya pili ni kuingia ndani ya Fruity Limiter, upande wa kompresa, na kuiambia isikilize njia hiyo. Kisanduku cha saidicheni kikiachwa bila namba, kompresa inajisikiliza yenyewe. Kwenye Ableton Live unafungua kipembetatu kidogo cha Compressor, unawasha saidicheni, unachagua chaneli ya kiki. Reaper inataka mkono zaidi: chaneli ya besi ipewe njia 4, kiki itumwe kwenye njia ya 3 na ya 4, kisha ReaComp iambiwe isikilize huko, siyo kwenye ya 1 na ya 2.

Ukishaunganisha na bado kimya, tazama kiki inachukuliwa kabla au baada ya fada yake, yaani kile kitelezi cha kupandisha na kushusha sauti ya chaneli. Ikichukuliwa baada ya fada, ukishusha kiki unashusha na amri. Hii inawasumbua sana wanaotumia kiki bubu, yaani kiki ya pili isiyosikika, iliyowekwa kwa kazi ya kuamrisha tu. Wanaizima kwa kitufe cha kunyamazisha, nayo inanyamaza kweli, na besi nayo haiambiwi kitu. Kiki bubu hainyamazishwi. Inaondolewa njia ya kwenda masta, yaani chaneli ya mwisho inayobeba wimbo wote, inabakishiwa njia ya kwenda kwenye kompresa peke yake.

Amri ikifika ikiwa dhaifu, kosa ni kizingiti. Kiki inayofika kilele cha desibeli -12 haiwezi kuamsha kompresa yenye kizingiti cha 0. Anza kizingiti kwenye -30, uwiano 4 kwa 1, kisha pandisha taratibu hadi mita ianguke kama desibeli 6 kila kiki inapopiga. Hapo utasikia kupumua bila besi kutoweka. Na hakikisha kompresa imekaa kwenye chaneli ya besi. Wapo walioiweka kwenye kiki.

Kuna dalili inayokwenda kinyume na hii: badala ya besi kuinama, kiki imekuwa nzito ghafla, kama inapigwa mara mbili. Umeituma kiki kwenye chaneli ya besi kama sauti ya kawaida, sasa inasikika kwake na kwa besi pia. Shusha kiwango cha ule muunganisho hadi sifuri; kwenye FL Studio kompresa itaendelea kuisikia kiki hata sikio lisipoisikia.

Besi inainama lakini haiinuki

Huu ndio uliokuwa ugonjwa wa dogo wa Newala. Dalili yake inadanganya: husikii kupumua kokote, unasikia besi ndogo tu, unyonge wa mwanzo hadi mwisho. Mtu anaongeza sauti ya besi, kompresa inaendelea kuikandamiza kwa kiasi kilekile, na kupumua hakuji. Mita ndiyo inayosema kweli. Utaiona imeanguka na haipandi, inatikisika tu.

Dawa yake ni hesabu ndogo ambayo ningependa kila anayetengeneza biti aijue kichwani. Gawa 60,000 kwa mapigo ya wimbo kwa dakika, unapata urefu wa pigo moja kwa milisekunde. Bongo Fleva ya mapigo 95 inakupa milisekunde 632 hivi. Amapiano ya 112 inakupa 536. Singeli ya 240 inakupa 250, basi. Sasa chukua kompresa iliyopangwa rilizi ya milisekunde 300, mpangilio ambao kwenye muziki wa taratibu hauna kosa lolote, uiweke kwenye singeli. Kabla haijamaliza kuachia, kiki nyingine imeshafika. Besi haijapata nafasi ya kuinuka tangu wimbo uanze.

Mafunzo mengi ya mtandaoni yanatoa namba za muziki wa klabu za Ulaya, mapigo 120 hadi 128. Namba hizo ni sahihi kule zilikotoka. Ukizileta kwenye mwendo wetu bila kupiga hesabu, utalaumu besi bure. Kwa singeli mimi huanzia rilizi ya milisekunde 80 hadi 120, kwa amapiano 200 hadi 300, halafu nasikiliza.

Rilizi haiwezi kuachia kabisa mpaka kiki ishuke chini ya kizingiti, na hapa ndipo mkia unapoingia. Kiki yenye mkia wa milisekunde 600 kwenye wimbo wenye pigo la milisekunde 250 haishuki kamwe. Unaweza kuweka rilizi ya 50 na usione tofauti. Ndiyo maana kiki bubu ni msaada mkubwa: unachukua sampuli ya kiki, unaikata ibaki milisekunde 30 au 40 za mwanzo, unaipa kazi ya kuamrisha. Ile kiki yenye mkia mtamu inabaki kusikika kama ilivyo.

Ukishapunguza mkia na rilizi na besi bado nyonge, tazama masta. Baadhi ya violezo vya FL Studio vinafunguka na limita tayari kwenye masta, nayo inakandamiza wimbo wote kila kiki inapopiga. Besi inainamishwa mara mbili, mara ya kwanza na wewe, mara ya pili na kitu ambacho hukukiweka. Kizime, sikiliza, kisha amua.

Besi inatoa mlio wa tik, au inakwaruza

Tik inatokana na ataki ya sifuri. Wimbi la besi la hezi 50 linachukua milisekunde 20 kukamilisha mzunguko mmoja. Ukiishusha sauti ghafla katikati ya mzunguko, unalikata wimbi, na mahali lilipokatwa ndipo tik inapotokea. Weka ataki ya milisekunde 3 hadi 5. Ukiona sasa besi inachelewa kuinama na inagongana na kichwa cha kiki, usirudi kwenye sifuri. Iwahishe kiki bubu kwa milisekunde 5 au 10 ili amri itangulie.

Kukwaruza ni habari ya rilizi fupi mno. Kompresa inasikiliza kiki, na kiki yenyewe ni wimbi linalopanda na kushuka. Rilizi ikiwa milisekunde 5, kompresa inaanza kufuata kila mpando na kila mshuko wa wimbi hilo, inashika na kuachia mara kadhaa ndani ya pigo moja, na besi inatoka na makwaruzo. Ipandishe hadi 40 au zaidi.

Besi inainama pasipo na kiki

Umempa amri zaidi ya mtu mmoja. Kama umechukua basi zima la ngoma, yaani kiki, snea na haihati pamoja, kila mmoja ataisukuma besi. Rahisi: tumia kiki peke yake.

Lakini kwa sisi tunaorekodi ngoma za kienyeji hakuna kiki ya peke yake. Niliwahi kurekodi sindimba kwa maiki moja uwanjani. Ngoma kubwa, ngoma ndogo, njuga za miguuni, vigelegele, vyote kwenye faili moja. Nilitaka ngoma kubwa iinamishe besi ya kinanda, nikapata besi inayotetemeka kama ina homa, kwa sababu ngoma ndogo hazinyamazi. Kompresa nyingi zina filta kwenye sikio lake, inayochuja kile inachosikia bila kugusa kinachosikika kwako. Niliifunga ipitishe chini ya hezi 120 tu. Ikatulia nusu, kishindo cha miguu ya wachezaji nacho kilikuwa kinapita humo humo.

Kilichonitoa ni kazi ya mkono. Nilisikiliza rekodi, nikaweka kiki bubu mahali pa kila pigo la ngoma kubwa, moja baada ya jingine, bila kuzivuta ziingie kwenye mistari ya programu. Mpigaji wa sindimba hafuati mistari hiyo, na ukimlazimisha unaua kile ulichokwenda kukirekodi. Ilinichukua jioni mbili kwa dakika nne za wimbo. Nasema bila kusita kwamba hii ndiyo njia sahihi kwa rekodi za ngoma zetu, na natamani ningeambiwa mapema.

Besi inainama kwa kuchelewa

Kuna plagini kwenye kiki au kwenye besi inayohitaji muda wa kufikiri, na programu haijafidia. Zima plagini moja moja hadi mwendo urudi. Spika ya Bluetooth inalaumiwa sana hapa, lakini yenyewe inachelewesha wimbo wote kwa pamoja. Haiwezi kuitenganisha kiki na besi.

Studio inapumua, kwenye simu haisikiki

Spika ya simu karibu haitoi kitu chini ya hezi 200 au 300. Besi ikiinama huko chini, msikilizaji wa simu hasikii kuinama wala besi yenyewe. Inamisha pia pedi, zile sauti ndefu za kinanda, au kinanda cha katikati, desibeli 2 au 3 tu, kwa kiki ileile. Msimu wa korosho, harusi na unyago zinapofuatana, wimbo wako utapigwa kwenye maspika makubwa, sawa. Siku nyingine zote unasikilizwa kwenye simu.

Vokoda kimya

Sasa tuhamie kwa roboti. Vokoda inahitaji sauti mbili kwa wakati mmoja. Mwimbaji akiimba na kinanda hakijapigwa nota, kimya. Kinanda kikipigwa na mwimbaji kanyamaza, kimya. Ukisikia kimya, hakikisha kwanza nota za kinanda zimefika urefu wa mstari mzima wa maneno. Fruity Vocoder ina jambo lake: inataka mnenaji na mbebaji waingie kwa kugawana kushoto na kulia kwa chaneli moja. Ukiwaleta wote katikati, haitawatenganisha. Vocodex inakubali kila mmoja aje kwa njia yake ya saidicheni, na kwa anayeanza ndiyo rahisi zaidi.

Ukisikia maneno vizuri sana, kwa sauti ya mwimbaji mwenyewe na kwa nota zake mwenyewe, huenda umewabadilishia viti mnenaji na mbebaji, au sauti asili inapita pembeni ya vokoda na kuifunika. Zima njia ya pembeni, badilisha viti, sikiliza tena.

Roboti anaimba, maneno hayaeleweki

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapoiacha vokoda na kusema haifai kwa Kiswahili. Inafaa. Chombo hiki kilizaliwa kusafirisha maneno. Homer Dudley, mhandisi wa Bell Labs huko Marekani, alianza kukifanyia kazi mwishoni mwa miaka ya 1920 akitafuta namna ya kuipunguza sauti ya mtu ipite kwenye waya mwembamba. Katika Vita vya Pili vya Dunia mtambo wa siri wa SIGSALY, ulioanza kazi 1943, ulipeleka mazungumzo ya wakuu kwa njia hiyo, masafa ya sauti yakiwa yamegawanywa kwenye bendi 10 tu. Kama bendi 10 zilitosha kwa wakuu wa vita kuelewana, basi vokoda yako ya bendi 20 haina tatizo la bendi. Usianzie huko.

Anzia kwa mbebaji. Vokoda haitengenezi sauti, inachonga tu iliyopo. Mbebaji wa wimbi la saini ni nota moja tupu. Hakuna cha kuchonga. Mbebaji mwenye wimbi la msumeno ana masafa mengi yaliyopangana kutoka chini hadi juu, na hapo irabu zinapata pa kukaa. Ila wengi wanachukua msumeno kisha wanaufunga kwa filta kwenye kilohezi 1 ili usichome masikio. Umefunga mlango, halafu unauliza wageni wako wapi. Ifungue filta kabisa. Ukitaka ulaini, utauweka baada ya vokoda.

Pili, nota ya mbebaji isiwe juu sana. Irabu zetu tano zinatofautishwa na vilele vya masafa vinavyoitwa fomanti. Kilele cha kwanza cha "i" na cha "u" vyote viko karibu na hezi 300. Kinachozitenganisha ni cha pili, ambacho kwa "i" kiko juu ya hezi 2,000 na kwa "u" kiko chini ya 1,000. Mbebaji akipiga nota ya hezi 520, sauti yake inayofuata iko 1,040, kisha 1,560. Pale kwenye 300 hana kitu kabisa, na ngazi zake ziko mbalimbali mno kuonyesha vilele vinakaa wapi. Mshushe hadi hezi 130 hivi, ngazi zinasogeleana, na "i" inarudi kuwa "i". Unaweza kubakisha nota za juu kwa uzuri, mradi chini yake kuna moja nzito ya kubeba maneno.

Tatu ni konsonanti, na hapa nina maneno yangu ya majaribio. Kabla ya kumrekodi mwimbaji wimbo wowote wa vokoda namwomba aseme taratibu: Shangani, Masasi, Chuno, Mikindani, Msimbati, Mtwara. Kila jina linapima kitu chake.

Masasi na Shangani vinapima sauti za upepo. "S" inaishi juu kabisa, kwenye kilohezi 5 na kuendelea, na "sh" chini yake kidogo. Sauti hizi hazina mlio wa koo, ni hewa tu. Ukisikia "Maaai" badala ya Masasi, mbebaji hana hewa. Mchanganyie kelele nyeupe kidogo, au washa kitufe cha vokoda kinachoshughulikia sauti zisizo na mlio kama kipo. Njia ya tatu, ambayo ndiyo naitumia zaidi, ni kuichukua sauti asili ya mwimbaji, kuikata ibaki juu ya kilohezi 5 tu, na kuilaza chini ya roboti. Msikilizaji hataijua, ila maneno yatasimama.

Chuno inapima kasi. "Ch" ni mpasuko mfupi, na ataki ya vokoda ikiwa nzito unaupoteza. Ataki milisekunde 5 au chini, rilizi kati ya 30 na 60. Piga ile hesabu tena: kwenye singeli ya mapigo 240, mchanaji akitia silabi mbili kila pigo, silabi moja ina milisekunde 125. Rilizi ya 300 itagundisha silabi tatu kuwa uji.

Msimbati na Mtwara vinapima kile ambacho mafunzo ya Kiingereza hayakigusi kwa sababu hakiwahusu. "M" ya Mtwara ni silabi nzima yenyewe: M-twa-ra. Inatoka na midomo imefungwa, haina nguvu, na uzito wake uko chini, karibu na hezi 250 hadi 300. Sasa mtu kasoma kwamba sauti ya mwimbaji ikatwe chini ya hezi 300 isafike. Anakata, na roboti anaimba "Twara". Ukiimba mji wetu bila "m" yake, umeimba kitu kingine. Kata chini ya hezi 100, siyo 300, na hakikisha bendi ya kwanza ya vokoda inaanzia huko chini. Kisha mpitishe mnenaji kwenye kompresa kabla ya vokoda, uwiano 4 kwa 1, ili "m", "mb" ya Msimbati na "nd" ya Mikindani zinyanyuke zikaribiane na irabu. Na mwambie mwimbaji aitamke "m" kwa makusudi, aikalie kidogo. Waimbaji wanaelewa haraka sana ukiwasikilizisha tofauti.

La mwisho hapa: mwangwi. Sauti ikiingia kwenye vokoda na mwangwi wa chumba au wa plagini, kila silabi inaburuta iliyopita. Rekodi karibu na maiki, ning'iniza mablanketi ukutani, na mwangwi uweke baada ya vokoda.

Roboti anavuma mwimbaji akiwa kanyamaza

Vokoda haijui mtu ni nani. Chochote kinachoingia kwenye maiki kinapewa sauti ya kinanda. Feni ikizunguka, roboti anavuma. Mvua ikipiga bati, roboti anapiga kelele ya hewa mfululizo. Najua kuzima feni Mtwara mwezi wa Novemba ni mateso, lakini zima, rekodi mstari mmoja mmoja, washa tena mpumzike.

Mvumo mzito usiobadilika ni wa umeme. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo mvumo unajaza bendi za 50, 100 na 150. Chomoa chaja ya laptopu, rekodi kwa betri. Ukitoweka, umempata mhusika.

Kilichobaki kinazuiwa na geti kabla ya vokoda, yaani chombo kinachofungia sauti iliyo chini ya kiwango ulichokipanga. Kama kelele za chumba ziko -50 na sauti ya mwimbaji -20, geti likae karibu na -40. Lipe rilizi ya milisekunde 100 hivi, kwa sababu maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu, na irabu ya mwisho hufifia. Geti lenye haraka litakupa "korosh" na "bahar".

Roboti yuko nje ya nota

Tazama kinanda, siyo mwimbaji. Nota zinatoka kwa mbebaji. Mwimbaji hata akiongea tu, roboti ataimba kile ambacho vidole vimepiga. Ukimrudisha mwimbaji kwenye maiki mara kumi kwa sababu hii umemchosha bure. Anayetaka sauti ya mtu ibaki ya mtu na nota zinyooke, anahitaji Auto-Tune au jamaa zake, ambacho ni chombo kingine kabisa.

Vyote viwili pamoja, na silabi inapotea

Watu wanapenda kumfanya roboti naye apumue na kiki. Ni nzuri sana kwenye amapiano. Tatizo linaloletwa ni hili: roboti alikuwa anaeleweka, umeweka saidicheni, sasa neno moja moja linakatika.

Kwanza angalia mpangilio. Kompresa ikikaa kwenye mnenaji kabla ya vokoda, kiki inapopiga inashusha sauti inayoamrisha, na konsonanti zinakuwa za kwanza kufa. Ihamishie baada ya vokoda.

Ukishaihamisha na bado silabi inapotea, sikiliza ni silabi ipi. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mwimbaji mwenye sikio huiweka silabi hiyo juu ya pigo. Juu ya pigo ndipo kiki ilipo. Kwa hiyo saidicheni inakula pale pale panapobeba neno: Miki-nda-ni inabaki "Miki...ni". Punguza kuinama kwa roboti hadi desibeli 3. Au gawanya: chini ya hezi 300 aina­me kwa desibeli 8 akiipisha kiki, juu ya hapo asiguswe. Kwenye FL Studio mimi namgawa roboti kwenye chaneli mbili, moja ya chini na moja ya juu, na saidicheni naiweka kwenye ya chini tu. Kisha nasikiliza kwa simu, nje, kibarazani, pikipiki zikipita, nikingoja kusikia "nda" ya Mikindani.